MALARIA: MSTARI WA PILI KATIKA KIPIMO CHA HARAKA UNAPIMA NINI?

Watumishi wa umma na wananchi wa Visiwani wanaokwenda Dar es Salaam kwa kazi, matibabu au biashara, wengi wao hufikia katika nyumba za wageni za Kariakoo na mitaa inayoizunguka Mnazi Mmoja. Baada ya siku chache hupanda boti kurejea Unguja au Pemba wakiwa na mizigo yao, na mara nyingine homa hufuata nyuma. Mnazi Mmoja inayotajwa hapa ni ile ya Dar es Salaam, yaani viwanja na mitaa iliyo baina ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed na Mtaa wa Lumumba, pale Kariakoo inapokutana na katikati ya mji. Isichanganywe na Mnazi Mmoja ya Unguja, ingawa pande zote mbili za bahari jina hilo huwakumbusha watu hospitali.

Mwenye homa afikapo kituo cha afya, awe Bara au Visiwani, hutobolewa kidole, tone la damu likatiwa katika kaseti ndogo ya plastiki, kisha husubiriwa kwa takriban robo saa. Ukitokea mstari mmoja kwenye alama ya uthibitisho, mgonjwa huambiwa hana malaria. Ikitokea mistari miwili, huandikiwa dawa. Kipimo hicho kimezoeleka mno, hata jina lake la kifupi, mRDT, limekuwa neno la kawaida midomoni mwa watu. Hata hivyo, wengi bado huamini kwamba mstari wa pili ni ushahidi wa vimelea vilivyoonekana kwa macho. Sivyo ilivyo. Kilichonaswa ni protini moja tu iliyotoka kwa kimelea, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mgonjwa na kwa mganga wake.

PROTINI ILIYOBANWA KATIKATI

Protini hiyo huitwa HRP2. Hutengenezwa na kimelea aina ya Plasmodium falciparum, ambacho ndicho chanzo cha sehemu kubwa kabisa ya malaria ya Tanzania. Kimelea kinapokua ndani ya chembe nyekundu za damu huitengeneza protini hiyo kwa wingi; nyingine hubaki ndani ya chembe, na nyingine humwagika katika majimaji ya damu. Kwa kuwa ni nyingi na ni imara, wataalamu waliichagua iwe alama ya kumtambulisha adui.

Namna ya kuinasa huitwa kitaalamu kipimo cha sandwichi, kwa sababu kitu kinachotafutwa hubanwa katikati kama nyama baina ya vipande viwili vya mkate. Vipande vyenyewe ni kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza ili kutambua vitu vigeni. Kila kingamwili hutambua sehemu ndogo maalumu ya kitu kigeni na kuishika, wala haijishughulishi na nyingine.

Mfano wake waweza kuchukuliwa katika soko la Kariakoo saa za asubuhi. Mwenye duka ataka kujua ni magunia mangapi ya mfanyabiashara fulani yanayopita katikati ya umati. Humweka mtu wa kwanza mlangoni, ambaye anajua alama iliyochorwa mbele ya gunia, naye kila aionapo hulizuia gunia hilo. Mtu wa pili anajua mshono wa nyuma, na kila auonapo hulifunga gunia utepe mwekundu. Gunia lisilo na alama ya mbele halizuiliwi mlangoni. Lisilo na mshono wa nyuma halipati utepe. Jioni mwenye duka hahesabu magunia yote yaliyopita sokoni, bali huhesabu tepe nyekundu zilizobaki mlangoni. Mtu mmoja peke yake angeweza kudanganyika kwa alama inayofanana; ni vigumu zaidi wawili wadanganyike kwa gunia lile lile.

Fikra hii haikuzuka siku moja. Karibu na mwaka 1960, Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walionyesha kwamba kingamwili zaweza kupima kiasi kidogo mno cha homoni katika damu, lakini alama waliyoitumia ilikuwa ya mionzi, jambo lisilofaa kwa hospitali ndogo. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walitangaza njia ya kuweka kimeng'enya mahali pa mionzi, ili jibu lionekane kwa rangi. Watafiti wa Uholanzi nao walifikia jambo hilo wakati huo huo. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, waliokuwa Cambridge, waligundua namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu bila kikomo. Tangu hapo kipimo kilichotengenezwa leo kiliweza kufanana na kitakachotengenezwa mwakani. Kipimo cha mimba kinachouzwa katika maduka ya dawa, na kile kinachotafuta virusi vya homa ya ini aina ya B katika damu ya wanaojitolea, hufuata kanuni hiyo hiyo ya kubana katikati.

Pwani ya Tanzania ina nafasi yake katika historia hii. Mwaka 1993 Clive Shiff pamoja na Zul Premji na J. N. Minjas walichapisha matokeo ya mojawapo ya majaribio ya mwanzo kabisa ya ukanda wa kunasa HRP2, na mwaka uliofuata wakaeleza jinsi wahudumu wa afya wa vijijini walivyoweza kuutumia wenyewe. Ni miaka mingi kabla kaseti hizo hazijawa kitu cha kila siku katika vituo vya Serikali.

NDANI YA KASETI

Ndani ya plastiki mna ukanda mwembamba unaofyonza majimaji kama utambi wa taa. Mwanzoni mwa ukanda zimewekwa kingamwili zilizofungamanishwa na chembechembe ndogo mno za dhahabu, ambazo zikiwa nyingi pamoja huonekana nyekundu ya zambarau. Huyo ndiye mwenye utepe. Mbele kidogo, mahali pa mstari wa kipimo, zimegandishwa kingamwili nyingine zisizo na rangi. Huyo ndiye mlinzi wa mlangoni. Damu ikitiwa pamoja na matone ya dawa ya kusafirishia, chembe hupasuka, HRP2 hushikwa na kingamwili zenye dhahabu, na zote huvutwa kwenda mbele. Zinapopita mlangoni, zile zilizobeba HRP2 huzuiliwa na kujikusanya mpaka mstari ukaonekana. Zisizobeba kitu hupita.

Mbele zaidi pana mstari wa uthibitisho. Hapo zimewekwa kingamwili zinazozishika zile zenye dhahabu, ziwe zimebeba HRP2 au hazikubeba. Kwa hiyo mstari huo unathibitisha kwamba majimaji yalisafiri na rangi ilifanya kazi. Hauthibitishi kwamba damu iliyotiwa ilitosha. Mhudumu aliyeweka damu pungufu, au aliyezidisha matone ya dawa, aweza kuona mstari wa uthibitisho ukiwa mzuri kabisa huku jibu lake si la kutegemewa. Usipotokea mstari huo, kaseti hutupwa na nyingine kufunguliwa, hata kama mstari wa kipimo umetokea.

Mstari hafifu nao ni mstari. Kumwambia mgonjwa kwamba ana malaria kidogo kwa kuwa mstari wake umefifia ni kukitaka kipimo kiseme jambo ambalo hakikutengenezwa kulisema. Kaseti hujibu ndiyo au hapana, haihesabu.

PALE KIASI KINAPOTAKIWA

Anayetaka kujua kiasi hana budi kuhamia kwenye sahani ya maabara. Sahani hiyo ni ya plastiki, inaenea kiganjani, na ina visima vidogo 96. Ubora wake, pamoja na taabu yake, huonekana vizuri katika kazi ambayo wakazi wengi wa mjini hawajapata kuisikia, nayo ni kupima mbu.

Mwaka 2004 ulianzishwa Dar es Salaam mpango wa mji wa kudhibiti malaria, uliofanya kazi katika kata 15 za manispaa tatu za wakati huo, Ilala, Kinondoni na Temeke. Miongoni mwa kata hizo ilikuwemo Mchikichini, ambayo ni jirani wa Kariakoo kwenye Bonde la Msimbazi. Mwaka 2006 ulianza unyunyiziaji wa dawa ya kuua viluwiluwi katika kata tatu za kwanza. Ili kujua kama kazi hiyo inafaa, haikutosha kuhesabu mbu waliokamatwa, kwa kuwa wengi wa mbu wa mjini ni wa aina isiyoeneza malaria, na hata wale aina ya Anopheles si wote waliobeba vimelea. Swali lilikuwa: ni mbu gani aliye tayari kumwambukiza mtu?

Kimelea kilicho tayari kuingia kwa binadamu huwa kimevikwa protini iitwayo CSP. Mtaalamu humkata mbu, akachukua kichwa na kifua, akavisaga katika majimaji. Tumbo huachwa, kwa sababu vimelea vilivyomo tumboni havijawa tayari. Kabla ya hapo kila kisima cha sahani kimekwisha kupakwa kingamwili ya kwanza, kisha nafasi zote tupu zikajazwa kwa protini ya maziwa, ili kitu kingine chochote kisipate pa kunata. Majimaji ya mbu hutiwa na kuachwa kwa muda wa saa mbili, kisha kisima huoshwa. Hutiwa kingamwili ya pili iliyofungwa kimeng'enya, kisha kisima huoshwa tena. Mwisho hutiwa dawa isiyo na rangi, ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa ya kijani. Palipo na CSP nyingi huwa kijani iliyoiva. Pasipo na CSP hubaki peupe. Mashine hupitisha mwanga na kuandika namba.

Jambo la kupendeza ni kwamba katika kipimo hiki mlinzi na mwenye utepe ni ndugu pacha; kingamwili ile ile hutumika pande zote mbili. Hilo lawezekana kwa kuwa CSP ina kipande kifupi kinachojirudia mara nyingi mfululizo kama shanga katika uzi, hata mmoja akishika shanga moja, mwenziwe hakosi nyingine.

Namba inayotoka katika mashine haina maana ikiwa peke yake. Rangi hutegemea joto la chumba, umri wa dawa na dakika zilizosubiriwa. Kwa hiyo katika sahani hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, hutiwa pia protini ambayo kiasi chake kinajulikana, ikapunguzwa nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima. Namba za visima hivyo huchorwa mchoro, na mchoro huo ndio unaotafsiri rangi ya sampuli kuwa kiasi. Kila sampuli hupewa visima viwili. Vikipishana mno, hurudiwa. Huwekwa pia visima visivyo na protini, ili ijulikane weupe ni upi. Sampuli iliyozidi kilele cha mchoro haikisiwi kwa macho, bali huzimuliwa na kupimwa upya. Iwe kinachopimwa ni CSP, HRP2 au protini yoyote ya mwili wa binadamu, utaratibu ni huo mmoja, na maabara inayoruka hatua ya mchoro haijapima kiasi, imetazama rangi tu.

Hata kwa uangalifu wote huo, sahani ilipata kuwapotosha wataalamu. Iligunduliwa kwamba mbu walionyonya damu ya ng'ombe na wanyama wengine waweza kutoa rangi ilhali hawana vimelea vya binadamu. Mwaka 2011 watafiti walieleza njia nyepesi ya kuwatenganisha: majimaji ya mbu huchemshwa kwa nyuzi 100 kwa muda wa dakika kumi, kisha hupimwa tena. CSP ya kweli huvumilia moto. Ile inayoiga huharibika. Tangu hapo, maabara zinazojali jibu lake hurudia kupima mbu waliotoa rangi baada ya kuwachemsha.

KIPIMO KISIPOELEWEKA

Kwa mgonjwa wa kawaida, mambo matatu yanayotokana na hali ya protini yenyewe yanastahili kujulikana.

La kwanza ni kwamba HRP2 haiondoki mara kimelea kinapokufa. Mtu aliyetibiwa akapona aweza kuendelea kuwa nayo katika damu kwa wiki mbili, nne au zaidi. Akipata mafua wiki ya tatu na kupimwa kwa kaseti, mstari wa pili utatokea, naye atapewa dawa ya malaria ambayo haihitaji huku maradhi yaliyomleta yakiachwa. Kwa mtu wa aina hiyo, slaidi iliyosomwa vizuri kwa hadubini, au kaseti inayotafuta protini nyingine isiyodumu, ndiyo yenye jibu.

La pili ni muda. Kutoka siku mbu alipouma hadi siku homa inapoanza hupita kwa kawaida baina ya siku 7 na 14, na pengine zaidi. Mfanyabiashara aliyeumwa na mbu usiku wa Ijumaa na kushuka bandarini Malindi siku ya Jumapili hawezi kuwa na HRP2 ya mbu huyo katika damu yake, kwa maana vimelea bado vimo katika ini. Jibu la hapana la siku ile ni la kweli kwa siku ile tu. Homa ikija baada ya siku kumi, apimwe tena wala asionyeshe karatasi ya zamani.

La tatu ni nadra lakini halifai kufichwa. Wako vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza HRP2, nao hupita mlangoni bila kuzuiliwa. Waliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, na Eritrea walienea kiasi cha kuilazimisha nchi kubadili aina ya kaseti. Uchunguzi uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2021 uliona kwamba bado ni wachache. Vilevile kaseti ya HRP2 peke yake haiwaoni vimelea wa aina nyingine za malaria, na yaweza kushindwa pale vimelea wanapokuwa wachache mno. Mgonjwa ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya hastahili kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mstari mmoja.

Pamoja na upungufu huo, hakuna sababu ya kutamani siku za nyuma. Utafiti uliofanywa katika vituo 12 vya umma vya Dar es Salaam kabla ya kaseti kuanza kutumika, na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya slaidi zilisomwa kuwa na malaria, na wataalamu walipozisoma upya wakaona vimelea katika takriban asilimia 2 tu. Tatizo hilo lilikuwa la vituo vya ngazi zote, palipokuwa na foleni ndefu na imani kwamba kila homa ni malaria. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo ulionyesha kwamba kaseti zilipoletwa katika vituo vya mji huo, dawa za malaria zilizoandikwa zilipungua kwa kiasi cha robo tatu, wala wagonjwa walioachwa bila dawa hizo hawakudhurika kwa ajili hiyo.

Homa hizo nyingine zilikuwa nini? Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Mmoja kati ya kumi hivi ndiye aliyekuwa na malaria. Zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Mzazi anayemshinikiza mganga ampe mtoto dawa ya malaria baada ya jibu la hapana humpotezea mtoto huyo siku ambazo nimonia haimsubiri.

Kwa Visiwani uzito ni mwingine. Dawa mseto zilianza kutumika Zanzibar mwaka 2003, vyandarua vyenye dawa na unyunyiziaji majumbani vikafuata, na kuanzia mwaka 2008 wenye vimelea walishuka chini ya mmoja katika mia. Mwaka huo huo vituo vya afya vilianza kutuma taarifa za wagonjwa kwa simu ya mkononi, na mwaka 2012 ukawekwa utaratibu wa ofisa wa wilaya kumfuata mgonjwa hadi nyumbani na kuwapima wote anaoishi nao. Uchunguzi uliofanywa mara kwa mara umeonyesha kwamba safari za Bara ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya maambukizo yanayopatikana. Si haki, hata hivyo, kuilaumu Kariakoo peke yake. Dar es Salaam ni miongoni mwa mikoa ya Bara yenye malaria kidogo, na wengi wanaopandia boti hapo wametokea mbali zaidi.

Kaseti zenyewe nazo ni za kutunzwa. Nyingine zimetengenezwa kuvumilia joto la hadi nyuzi 30, nyingine 40, kama ilivyoandikwa juu ya kila boksi, na unyevunyevu wa pwani huziharibu upesi mara mfuko unapofunguliwa. Hufunguliwa mgonjwa akiwa ameketi tayari, na husomwa kwa dakika zilizoandikwa katika maelekezo. Iliyoachwa mezani hadi mchana yaweza kuonyesha mstari ambao asubuhi haukuwepo.

Anayepimwa baada ya kurejea safari amweleze mhudumu mahali alipolala katika wiki nne zilizopita, siku homa ilipoanza, na tarehe aliyomaliza dawa ya malaria mara ya mwisho, iwapo alipata kuitumia. Mambo hayo huandikwa kando ya jibu, katika ukurasa huo huo wa daftari.